Wa Saba

Tulikuwa saba. Shule nzima ilikuwa saba,
na wa nane mwalimu Turið, na wa tisa jiko la mafuta,
maana nalo lilikuwa na sauti yake,
likikohoa kila upepo ulipogeuka.
Nje, visiwa vya Faro vilijivutia ukungu
kama mgonjwa anavyovuta blanketi hadi puani.

Jumatatu, kabla ya maziwa, tulipanga viti duara.
Kanuni ilikuwa fupi: hesabuni, mmoja mmoja,
ila saba haitajwi. Wala kumi na nne.
Wala ishirini na moja, wala yeyote wa ukoo huo.
Mahali pake unasema, "Sili!"
Ukiteleza, unakwenda dirishani
kuhesabu kondoo, nao hawatulii wakahesabika.

Alianza Høgni, aliyewahi kufika kila siku ya Mungu.
Kisha Marjun wa soksi mbilimbili. Rói.
Eyðun na Bárður, mapacha wa posta.
Jensina.
Na mimi mwisho, kando ya mlango,
kwa kuwa hesabu na mimi hatukuiva chungu kimoja.

Sili, nikasema. Duara likazunguka.
Sili. Likazunguka tena. Sili.
Hadi sabini sikukosea hata mara moja.
Mwalimu akanitazama juu ya miwani,
akamwandikia mama: "Sunnvá ameamka."
Mama akaibandika barua mlangoni mwa friji,
wageni waisome wakifuata siagi.

Nami sikujua lolote.
Nilijua tu kwamba zamu yangu ikifika
kuna mnyama anatoa kichwa majini.
Miezi mitatu. Wenzangu hawakuonja sili hata mmoja
wala hawakuuliza kwa nini.
Mwalimu, naamini, alijua.
Nani anajua kugawanya asilione hilo?
Lakini sijui kama kile kiti alinipa kwa huruma
au kwa kuwa ndicho kilichobaki.

Februari, Rói akashikwa na mafua.
Viti sita. Moja, mbili, tatu, nne, tano,
"Sili!"
Kimya. Jiko likakohoa.
Marjun akaangalia soksi zake, zote nne.
"Kaa," mwalimu akasema. "Leo tu."

Høgni akafungua mdomo. "S—" akakwama.
Saba na sili vinaanza kwa mluzi uleule,
na ndani ya mluzi ule nilimsikia
mvulana mwerevu akitafuta breki.
"S—sili."

Kumi na nne ikamwangukia Marjun.
Ishirini na moja, Eyðun.
Hapo ndipo vidole vyangu vilipoanza kusogea chini ya meza.
Sili alikuwa anahama!
Kiti kimoja kila mzunguko, bila haraka,
kama bakuli la viazi linalopita mezani.
Tumepungukiwa mmoja, basi anasogea kimoja.
Ishirini na nane kwa Bárður. Thelathini na tano kwa Jensina.
Nikamwona anakuja. Nilimwona kabla hajafika.
Masikio yalinipata moto.
"Arubaini," akasema Bárður.
"Arubaini na moja."

Sili.

Neno lilelile. Mara ya kumi na ngapi sijui,
na ilikuwa mara ya kwanza.

Alhamisi Rói akarudi, pua nyekundu kama taa ya gati,
na Jumatatu iliyofuata viti vilikuwa saba tena.
Nikaona yote yatakavyokwenda: sili wangu, wangu, wangu,
pipi iliyokwisha kulambwa.

Nikainuka. Nikaenda mezani kwa mwalimu,
nikashika kiti chake kwa mgongo
nikakiburuta, kikilia sakafuni,
nikakitia kati ya Jensina na mimi.
Hakuuliza. Alivua miwani, akakaa,
magoti yake yakiwa juu kuliko ya wote.

"Moja," Høgni akasema.
Mbili, tatu, nne, tano.
"Sita," Jensina akasema.
Mwalimu Turið akatazama dari, akatazama jiko,
akanitazama mimi.
"Saba," akasema,
akaenda zake dirishani kuhesabu kondoo.